Pacha wasio na nyota katika Nebula ya Orioni: je, ni jozi kweli?

"Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniletea habari aliyoisoma kwenye simu, kwamba darubini ya James Webb imeona sayari zinazokaa mbili mbili ndani ya Nebula ya Orioni, bila nyota yoyote ya kuizunguka. Akaniuliza, 'Mwalimu, kama sayari huzaliwa kando ya nyota, hizi zilizaliwa na nani? Na zinashikanaje zikiwa mbali hivyo?' Nilipotafuta zaidi nikakuta wengine wanasema hazipo kabisa, ni nyota za nyuma tu. Sasa sijui niwaambie nini darasani. Je, nibadilishe ninayofundisha kuhusu sayari? Na kuna mmoja anaogopa kwamba kitu cha namna hiyo kinaweza kutujia gizani bila kuonekana."

Mwalimu, ahsante sana, na umpe pongezi huyo kijana. Swali lake ndilo hasa linalowasumbua watafiti wa nyota changa miaka hii, na ameligusa pale penyewe: zilizaliwaje, na zinashikanaje. Nitayajibu yote mawili, kisha tuzungumzie darasa lako.

Tuanze na kilichoonekana. Mnamo Oktoba 2023, Samuel Pearson na Mark McCaughrean wa Shirika la Anga la Ulaya walitangaza matokeo ya picha walizopiga kwa Webb kwenye fungu la nyota changa lililo katikati ya Nebula ya Orioni, wingu kubwa la gesi na vumbi lililo miaka ya nuru kama 1,300 kutoka hapa. Walihesabu vitu 540 hafifu vilivyoelekea kuwa na masi ya kiwango cha sayari, yaani isiyozidi mara 13 ya masi ya Mshtarii (Jupita). Kati ya hivyo walikuta jozi 40 na makundi mawili ya vitatu vitatu. Jozi hizo wakaziita JuMBO, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya jozi za vitu vya masi ya Mshtarii. Vidogo kabisa walivikadiria kuwa na masi ya 0.6 ya Mshtarii, na umbali kati ya wenza ulikuwa kuanzia vizio 25 vya astronomia hadi karibu 390. Kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita milioni 150. Neptuni iko kwenye kizio cha 30, kwa hiyo wenza wengi wa Orioni wameachana mbali kuliko Jua na sayari yake ya mwisho.

Hapa kuna jambo ambalo vichwa vya habari vililiruka. Hakuna aliyeviona vikizungukana. Walichoona ni nukta mbili za mwanga zilizokaribiana kwenye picha, zenye rangi inayofanana na ya kitu baridi na kichanga. Kutoka hapo hadi kusema "hizi ni jozi" kuna hatua kadhaa, na ugomvi wote uliousoma uko ndani ya hatua hizo.

Kabla ya ugomvi, tuwajue ndugu zao wakubwa. Nyota huwaka kwa sababu kiini chake kina joto na mgandamizo wa kuunganisha hidrojeni kuwa heli. Kitu kisichofikia masi kama 75 hadi 80 za Mshtarii hakiwezi kuudumisha moto huo. Shiv Kumar alilitabiri hilo kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 Jill Tarter akavipa vitu hivyo jina tunalolitumia leo, vibete kahawia. Ilibidi kungoja hadi 1995 kuvipata. Kimoja cha kwanza, Teide 1, kilipatikana na timu ya Rafael Rebolo kwenye Kilimia, kile kile ambacho wakulima na mabaharia wetu walikitazama wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Vibete vyenye masi zaidi ya 13 za Mshtarii (kipimo nitakachotumia kuanzia hapa) huunguza hidrojeni nzito, yaani deuteri, kwa muda mfupi. Chini ya hapo hakiungui chochote, na hapo ndipo tunaposema "masi ya sayari".

Kitu kisichoungua hupata wapi mwanga, basi? Huupata kwenye kujikunja kwake. Wingu la gesi linapojikusanya, nishati ya mvutano hugeuka joto, na kitu kichanga huzaliwa kikiwa kimoto. Baadaye hupoa siku zote, na mwanga wake hufifia pamoja nacho. Ndiyo maana watafiti hukimbilia mafungu machanga: Orioni ina umri wa kama miaka milioni moja tu, na vitu ambavyo baada ya miaka bilioni kadhaa havitaonekana kabisa, leo bado vinang'aa kwa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Faida hiyo inakuja na gharama. Hatupimi masi moja kwa moja. Tunapima mwanga, tunakisia umri, halafu tunasoma masi kwenye jedwali la nadharia. Umri ukikosewa, masi nayo imekosewa.

Sasa swali la kushikana. Hili Mwalimu unaweza kulifanya ubaoni, na nakuomba ulifanye hata kama halimo kwenye silabasi. Chukua kanuni ya tatu ya Kepler katika umbo lake jepesi: kipeo cha pili cha miaka ya mzunguko, mara masi ya jumla kwa kipimo cha Jua, ni sawa na kipeo cha tatu cha umbali kwa vizio vya astronomia. Mshtarii ina masi ya karibu elfu moja ya Jua, kwa hiyo wenza wawili wa kadiri hiyo wana 0.002 kwa pamoja. Waweke vizio 200. Mia mbili kwa kipeo cha tatu ni milioni 8. Igawe kwa 0.002 upate bilioni 4. Tafuta kipeuo cha pili chake. Jibu ni kama miaka 63,000 kwa mzunguko mmoja. Wanafunzi wakilifikia jibu hilo kwa mikono yao wataelewa wenyewe kwa nini hakuna anayeweza kukaa akisubiri kuwaona wakizungukana.

Endelea kidogo. Kwa umbali huo, mwendo wa mmoja kumzunguka mwenzake ni kama mita 94 kwa sekunde, karibu kilomita 340 kwa saa. Hiyo ni takriban mara tatu ya mwendo wa treni yetu ya SGR kwenda Mombasa. Kwa mambo ya anga, huko ni kutambaa tu. Nyota ndani ya fungu la Orioni zinapishana kwa kilomita mbili hivi kwa sekunde, zaidi ya mara 20 ya mwendo unaoishikilia jozi hiyo, na kila moja ina masi ya mamia au maelfu ya Mshtarii. Nyota yoyote ikipita karibu, jozi inaachana na hairudiani tena.

Kwa hiyo mwanafunzi wako ana haki ya kushangaa, ila mshangao wake aupeleke mbele kidogo. Mvutano haukomi popote; vitu viwili vikiwa peke yao vinaweza kushikana hata kwa umbali mkubwa zaidi ya huu. Kinachoamua ni majirani. Jozi iliyoachana mbali ni kitu dhaifu, na udhaifu huo ndio unaoifanya iwe ya thamani kwetu: tukiikuta nzima, tunajua haijapitia misukosuko mikubwa tangu kuzaliwa. Ni shahidi wa namna ilivyozaliwa, na mashahidi wa enzi hiyo ni wachache mno.

Ushahidi wenyewe ulitarajiwa kuwa vipi? Kwa nyota za kawaida tunaona mwelekeo ulio wazi. Takriban nusu ya nyota za aina ya Jua zina mwenza. Nyota ndogo nyekundu zenye mwenza ni kama robo. Vibete kahawia vilivyokomaa, vilivyosambaa huku kwetu, ni asilimia 10 hadi 20 tu, na wenza wao hukaa karibu karibu, mara nyingi ndani ya vizio 20. Masi ikishuka, wenza wanapungua na wanakaribiana. Halafu Orioni inatuletea vitu vidogo zaidi, karibu kimoja kati ya kila kumi kikiwa na mwenza, tena mwenza wa mbali. Takwimu hizo zinakwenda kinyume na mwelekeo wote. Zikiwa za kweli, kuna njia ya kuzaliwa ambayo hatukuijua.

Njia zinazopendekezwa ni kadhaa, na kila moja ina mahali inapokwama. Ya kwanza ni kwamba vimezaliwa kama nyota, wingu likijigawa vipande. Tatizo ni kwamba kipande cha wingu lazima kimwage joto lake ili kiendelee kujikunja, na gesi yake ikishasongamana mno mwanga unanaswa ndani, mgandamizo unapanda na mgawanyiko unasimama. Tangu 1976 hesabu zinaonyesha kikomo hicho cha chini kiko kwenye masi chache za Mshtarii. Kitu cha masi nane kinaingia bila shida. Cha 0.6 ni vigumu sana.

Ya pili ni kwamba vilizaliwa kama sayari, kwenye diski kuzunguka nyota, kisha vikafukuzwa. Sayari kufukuzwa ni jambo la kawaida; sehemu ya zile zinazozurura peke yake bila shaka zilitoka hivyo. Lakini kufukuzwa mbili kwa pamoja na bado zikabaki zimeshikana kwa uzi mwembamba tuliouhesabu ubaoni? Kuna waliofanya hesabu za kompyuta, nyota ikipita karibu na mfumo wenye sayari mbili za nje, na ikatokea mara chache kwamba zote mbili zinang'olewa zikiwa pamoja. Inawezekana. Shida ni kupata idadi ya kutosha, na mimi binafsi siamini kwamba njia hiyo peke yake inaweza kuzaa jozi 40 kwenye fungu moja.

Ya tatu inahusu mazingira yenyewe ya Orioni. Katikati ya nebula kuna nyota kubwa za Trapezi, na iliyo kubwa kuliko zote, Theta-1 Orionis C, ina masi zaidi ya mara 30 ya Jua. Mnururisho wake wa urujuanimno unamomonyoa kila wingu dogo lililo karibu nayo. Mwaka 2024 Jessica Diamond na Richard Parker walionyesha kwa hesabu kwamba kiinitete cha jozi ya nyota, kikianza kupigwa na mnururisho huo mapema, kinaweza kuvuliwa tabaka za nje huku kiini kikigandamizwa, na kinachobaki kikawa jozi ya vitu vya masi ya sayari. Nalipenda wazo hili kwa sababu linapimika: jozi za namna hiyo zitafutwe karibu na nyota kubwa, na zisiwe nyingi kwenye mafungu yasiyo na nyota hizo.

Sasa tuje kwenye waliosema hazipo. Mwaka huo huo wa 2024 Kevin Luhman, mtu aliyetumia maisha yake ya kazi akichambua vibete kahawia kwenye mafungu machanga, alizipima upya picha zile zile za Webb. Hitimisho lake ni kwamba nyingi kati ya JuMBO zina rangi inayolingana zaidi na nyota za mbali zilizo nyuma ya nebula, na nyingine ni hafifu mno kuweza kuamuliwa. Sababu ni vumbi. Vumbi huzuia mwanga wa bluu kuliko mwekundu, hivyo nyota ya kawaida ikitazamwa kupitia vumbi zito inaonekana hafifu na nyekundu, dalili zile zile tunazozitafuta kwa kitu baridi na kidogo. Kweli, nyuma ya nebula kuna wingu nene linalofunika sehemu kubwa ya anga la nyuma, na ndicho walichotegemea watafiti wa kwanza. Lakini kwa infraredi ya Webb, wingu hilo linapenyeka.

Mwalimu, wanafunzi wasielewe hapa kwamba kuna upande uliodanganya. Pande zote mbili zilitumia data moja iliyo wazi kwa umma, na mabishano haya yamewaonyesha wote ni kipimo gani kinachohitajika. Kuna viwili. Cha kwanza ni spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake: kitu baridi kina alama pana za mvuke wa maji, na kitu kichanga ambacho bado kimevimba kina mvutano mdogo usoni pake, jambo linalobadilisha umbo la spektra kwa namna ambayo nyota ya nyuma haiwezi kuiiga. Cha pili ni mwendo: picha zikirudiwa baada ya miaka, nyota ya nyuma itasonga kwa njia yake, na walio jozi watasonga pamoja. Mojawapo ya jozi hizo, JuMBO 24, ilionekana pia kwa mawimbi ya redio mwaka 2024, jambo ambalo halikutarajiwa kwa vitu vidogo hivyo, kwa hiyo hiyo ni ya kufuatilia kwa karibu.

Je, kuna jozi pana ambazo hazina ubishi? Zipo, na hizi ndizo ningependa ukazifundishe. Mwaka 2004 darubini kubwa ya Ulaya huko Chile ilipiga picha ya 2M1207, kibete kahawia cha masi kama 25 kikiwa na mwenza wa masi kama 5, wameachana kwa vizio 40 hadi 50. Mwaka 2020 Clémence Fontanive na wenzake walitangaza Oph 98 katika eneo la kundinyota la Ophiuchus, miaka ya nuru kama 450 kutoka kwetu: mmoja masi 15, mwingine masi 8, umbali vizio 200, umri kama miaka milioni 3. Hao walithibitishwa kwa kusonga pamoja. Wape wanafunzi namba hizo. Kwa kanuni ile ile ya Kepler watapata mzunguko wa karibu miaka 20,000.

Uwape pia mfano wa tahadhari. Mwaka 2006 ilitangazwa jozi nyingine katika Ophiuchus, Oph 1622, umbali vizio 240, ikisemekana kuwa na masi 14 na 7. Ikashangiliwa kama pacha wa sayari. Ndani ya mwaka mmoja hivi, timu nyingine ziliipima upya kwa spektra bora zikakuta ni nzito kuliko ilivyodhaniwa. Wote wawili ni vibete kahawia. Jozi ilibaki jozi, ila masi ilihama.

Ukiniuliza mimi nimesimama wapi: jozi pana za vitu vidogo zipo, Oph 98 inatosha kunishawishi. Zile 40 za Orioni, naamini zitapungua sana spektra zikikamilika, zitabaki chache, na hizo chache zitakuwa na thamani kubwa kuliko zote 40 za mwanzo. Walio chini ya masi moja ya Mshtarii ndio ninaowatilia shaka zaidi, kwa sababu pale ndipo mwanga ni hafifu kabisa na kukosea ni rahisi.

Kuhusu somo lako, huna haja ya kubadilisha kitu. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulishaeleza mwaka 2003 kwamba vitu vinavyoelea huru kwenye mafungu machanga, hata vikiwa chini ya masi 13, si sayari. Sayari inazunguka nyota. Hivi viite "vitu vya masi ya sayari" uendelee, na uwaambie wanafunzi kwamba masi ni jambo moja na namna ya kuzaliwa ni jambo jingine. Nakushauri tu uache ile kauli ya "nyota zilizofeli" kwa vibete kahawia. Inawafanya watoto wafikiri kuna kitu kiliharibika, na hakuna kilichoharibika. Gesi iliyokusanyika ilikuwa kidogo, basi.

Na yule anayeogopa, mwambie hivi: kitu cha Orioni kikitoka leo kuja kwetu kwa kilomita mbili kwa sekunde, kitatumia karibu miaka milioni 200 njiani. Jozi ya vibete kahawia iliyo karibu nasi kuliko zote, Luhman 16, iko miaka ya nuru 6.5, yaani mara zaidi ya 400,000 ya umbali wa Jua, nayo imekuwa ikipita kimya kimya siku zote bila kutugusa. Mtoto akiendelea kukosa usingizi kwa hofu ya mambo ya anga, hapo namba hazisaidii sana. Mkalishe na mwalimu wa ushauri nasaha pamoja na mzazi, kwa sababu mara nyingi hofu hiyo ina mzizi mwingine.

Kwa yule wa kidato cha tatu mwenye swali, asiishie kwenye simu. Mpelekeni Chiromo, kwenye Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako astronomia inafundishwa hadi shahada. Aulize swali lake hili hili uso kwa uso. Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamezoea kupokea makundi ya shule na darubini zao. Na kati ya Desemba na Machi, usiku usio na mwezi, kama shule inaweza kupata basi, tokeni nje ya taa za jiji, upande wa Barabara ya Magadi kwa mfano, mkiwa na idhini ya wazazi na mtu anayelijua eneo. Orioni hupita karibu utosini kwetu. Tafuteni nyota tatu za ukanda, kisha elekezeni darubini ya macho mawili kwenye doa la ukungu lililo kusini yake kidogo, kwenye upanga. Ishikeni juu ya kitu imara, maana mkono ukitetemeka doa hilo halitulii, na mpeni kila mtoto dakika zake kadhaa za macho kuzoea giza kabla ya zamu yake.